Uzoefu wangu na programu ya kugawa nota za okestra kuwa karatasi za wapigaji

Programu hii niliinunua kwa kazi moja tu: kuchukua nota za okestra nzima, kuzipunguza ziwatoshe wapigaji kumi na mmoja ninaowaongoza, kisha kumtolea kila mpigaji karatasi yake. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezikuta pia katika programu nyingine mbili nilizowahi kutumia, na isingekuwa haki lawama imwangukie mtengenezaji mmoja. Ninachotaka kueleza ni namna ilivyofanya kazi kuanzia kwenye kompyuta hadi kwenye stendi ya nota, maana hapo kwenye stendi, mbele ya macho ya mpigaji, ndipo programu ya aina hii inapopimwa.

Kazi niliyoijaribia ilikuwa sehemu ya pili ya simfonia namba 94 ya Haydn, iliyopigwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1792 na ambayo haibanwi tena na haki miliki. Haydn aliandikia fluti mbili, obo mbili, basuni mbili, honi mbili, tarumbeta mbili, timpani na ala za nyuzi. Mimi nina fluti mbili, klarineti mbili, saksofoni alto, tarumbeta moja, honi moja, vayolini mbili, selo na piano. Niliingiza faili la MusicXML, mpangilio ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2004 na ambao programu karibu zote za nota huusoma. Nota zenyewe zilifika salama, ila maandishi yalitawanyika na mengine yakapandana. Hata hivyo nawashauri wote watunze nakala ya kila kazi katika mpangilio huo, kwa sababu programu yoyote inaweza kuachwa na wenyewe, kama Finale, programu maarufu ya kuandika nota, ilivyositishwa mwezi Agosti 2024 baada ya miaka zaidi ya thelathini ya kutumiwa.

Katika kuhamisha ufunguo, yaani kuandika upya nota kwa ala ambazo sauti yake hutoka juu au chini ya nota iliyoandikwa, sina la kulalamika hata kidogo. Muziki huu uko katika C meja; nilipoukabidhi mstari wa obo kwa klarineti ya B flati, programu iliuandika upya katika D meja, na ya saksofoni ikaiandika katika A meja na ya honi ya F katika G meja, bila kukosea nota moja. Zamani nilikuwa nikiifanya kazi hiyo kwa mkono, nikitumia jioni nzima kwa ala moja, na bado kosa moja au mawili yalikuwa hayakosekani. Vilevile, nota inayotoka nje ya uwezo wa ala hugeuka nyekundu. Nilipompa saksofoni mstari wa basuni, nota za chini kabisa ziliwaka nyekundu papo hapo, nami nikazihamishia kwenye selo kabla hazijamfikia mpigaji. Lakini rangi hiyo huonyesha mipaka ya ala, haionyeshi ugumu. Kuna mahali obo ya Haydn inapiga nota zinazojirudia upesi upesi. Kwenye klarineti hakuna hata moja iliyogeuka nyekundu, ilhali kwa mpigaji wangu wa pili, ambaye ulimi wake bado haujawa mwepesi, mstari ule haukupigika.

Kasoro iliyonipotezea muda mwingi zaidi inahusu ala mbili zilizoandikwa pamoja katika seti moja ya mistari mitano ya nota. Katika nota za kundi zima, obo ya kwanza na ya pili hukaa pamoja. Zikipiga nota moja, mwandishi huiandika mara moja na kuongeza alama kwamba ni ya wote wawili. Nilipoiagiza programu izitenganishe, ilimpa wa kwanza nota zote hizo, na wa pili ikamwandikia kimya. Kwenye kompyuta karatasi ya klarineti ya pili ilionekana safi na ya kupendeza, na usafi huo ndio ulionidanganya. Niligundua mazoezini, pale sauti ilipopwaya mahali nilipotarajia inenepe, nikamwona mpigaji ameshusha klarineti yake anahesabu.

Kukata pia kuna mtego wake. Niliondoa kipande kizima kilicho katika C maina, ambamo wimbo ule ule unarudi ukiwa umebadilishwa, ili kufupisha muda. Programu ilivifuta vipimo vyake, yaani vile vigawanyo vya mapigo vinavyotengwa kwa mistari ya wima, na kuunganisha pande mbili zilizobaki, lakini alama ya kuongeza sauti taratibu iliyokuwa ikivuka mahali pa mkato ilipotea, na alama ya ukubwa wa sauti iliyokuwa ndani ya kipande kilichofutwa ilikwenda nacho, hivyo wapigaji wakaendelea na ile ya nyuma. Isitoshe, namba za vipimo zilihesabiwa upya, nami nilikuwa bado ninaongoza kwa kitabu changu cha zamani. Nikitaja namba, kila mtu anatafuta mahali pengine. Sasa naweka herufi za mazoezi (A, B, C juu ya nota) kabla ya kukata chochote, kwa kuwa herufi hubaki na muziki wake hata namba zikibadilika.

Chombo cha kukusanya ala nyingi kuwa sehemu ya piano sikishauri kwa mtu yeyote. Kilikusanya kila kitu kilichosikika na kukirundika, hadi mkono wa kushoto ukapewa nota mbili zilizoachana oktava na nusu, umbali ambao mkono mmoja haufiki, zipigwe kwa pamoja. Niliifuta yote nikaiandika mwenyewe, nikibakiza besi, wimbo, na zile nota za ndani ambazo zisiposikika mtu hajui kama wimbo umegeuka.

Sasa nije kwenye vimya, ambavyo ndivyo vilivyonifundisha namna ya kuitumia programu hii. Wote wanaoijua sehemu hii ya Haydn wanajua kwamba wimbo huanza kwa nyuzi peke yake, kwa upole, na katika kipimo cha 16 kundi zima linagonga mlio mmoja mkubwa. Karatasi ya tarumbeta iliyotolewa na programu ilianza na mstari mnene wenye namba 15 juu yake, ikafuata nota moja, kisha kimya kingine. Ilikuwa sahihi kabisa. Mpigaji aliitazama, akaniambia, "Mwalimu, hapa nimepewa vipimo kumi na vitano vya kuhesabu na nota moja ya kupiga. Nikipotea hesabu, nimeharibu kazi ya wote." Nilirudi nyumbani nikakigawa kimya kile mara mbili, vipimo 8 kisha 7, kwa kuwa wimbo wenyewe unarudiwa baada ya vipimo 8, na katika vile viwili vya mwisho nikaweka nota ndogo za vayolini ili aisikie njia kabla ya kuingia. Programu ina amri ya kuweka nota ndogo kama hizo, nayo huzihamisha ufunguo yenyewe, ila mahali pa kuziweka lazima upachague wewe.

Kugeuza kurasa nako kulihitaji mkono wangu. Programu ilijaza kila ukurasa hadi chini, hivyo vayolini ya kwanza ikalazimika kugeuza katikati ya mbio za nota. Nilisogeza mistari miwili ukurasa wa pili, ukurasa ukaishia kwenye kimya. Nilirudisha pia kimo cha mistari mitano, kutoka wa chini hadi wa juu, kuwa milimita 7, kwa sababu programu ilikuwa imekipunguza ili kubana karatasi, na wawili wanaochangia stendi moja walikuwa wameinama kama wanaotafuta sindano.

Jambo lililonifanya nilipie mwaka wa pili ni kwamba karatasi zote zimeunganishwa na nota za kundi zima. Nilipoirekebisha klarineti ya pili upande wa kundi zima, karatasi yake ilijirekebisha, huku mpangilio wa kurasa nilioutengeneza ukibaki palepale. Kabla ya kuchapisha chochote sasa naketi na kila karatasi peke yake, naimba kuanzia juu hadi chini nikihesabu vimya kwa sauti, na nikipotea mahali naweka nota ndogo hapohapo.