Chukudu ndogo ya mbao kwa mtoto anayejifunza kutembea

Chukudu ninayoieleza hapa ina urefu wa sentimita 50 tu kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, na usukani wake unafika kifuani mwa mtoto anayeanza kusimama dede. Iliundwa na fundi seremala mmoja wa mtaa wa Majengo, hapa Goma, ambaye kazi yake ya kila siku ni milango na vitanda. Nilimwagiza anitengenezee wakati binti yangu, kifungua mimba wangu, alipokuwa na miezi 9. Leo ana miezi 14, na katika miezi hiyo 5 sikumbuki siku ambayo hakuigusa, isipokuwa siku mbili alipokuwa na homa.

Msomaji ambaye hajafika Goma huenda hajawahi kuiona chukudu yenyewe. Ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, ambacho mwendeshaji hukiegemea kwa goti moja huku akipiga ardhi kwa mguu wa pili. Huteremka na makaa, viazi na kabichi kutoka upande wa Kibumba, na katikati ya mji imejengewa sanamu kwa heshima ya wale wanaoiendesha. Fundi alihifadhi umbo hilo: shingo iliyopinda, mikono miwili ya usukani iliyotandazwa kama pembe za ng'ombe, ubao mpana wa kuwekea mzigo, na utepe wa mpira wa tairi kuukuu uliopigiliwa kuzunguka kila gurudumu. Alichobadilisha ni idadi ya magurudumu. Mtoto asiyeweza bado kujisawazisha hawezi kusawazisha chombo cha magurudumu mawili, kwa hiyo aliweka manne, na yale ya nyuma akayatenganisha kwa sentimita 30 ili chombo kisipinduke mtoto anapoegemea upande mmoja. Nimemwona binti yangu akiuning'inia mkono wa kushoto wa usukani kwa uzito wake wote, na chombo kikabaki kimesimama.

Kabla ya kuisifu, ni lazima nieleze ni wapi inapotumika, maana kifaa cha mtoto hupimwa kwa sakafu ya nyumba yake. Uani kwetu, kama katika nyua nyingi za mji huu, ardhi ni mawe meusi ya volkano, yenye vitundu na makali yanayochuna ngozi ya mtu mzima, sembuse magoti ya mtoto. Binti yangu alipoanza kutambaa, ulimwengu wake ulikuwa sebule ya saruji yenye mita nne kwa tatu, mkeka mmoja, na kibaraza kifupi ambacho nililazimika kukiziba kwa meza. Nilikuwa natafuta kitu kitakachoifanya sebule hiyo iwe pana.

Kitu cha kwanza kilichoingia nyumbani kilikuwa zawadi ya ndugu, na aliyeitoa aliitoa kwa upendo: kigari cha plastiki cha kukalia, kile ambacho mtoto hutumbukizwa katikati yake, miguu ikigusa chini, akaanza kuteleza huku na huko. Tulikitumia kwa wiki mbili. Siku ya kwanza nilicheka kwa furaha kumwona akivuka sebule kwa sekunde chache, lakini kadiri siku zilivyopita niliona mambo mawili ambayo yalinisumbua. La kwanza ni kwamba alisukuma kwa ncha za vidole, nyayo zake hazikukanyaga, wala hakuweza kuiona miguu yake mwenyewe kwa sababu meza ya plastiki ilikuwa mbele ya kifua chake. La pili ni kwamba kigari kilimpa mwendo ambao akili yake ilikuwa bado haijaufikia. Siku moja niligeuka kuepua sufuria, na nilipotazama tena alikuwa amekwisha kufika kwenye kizingiti cha kibaraza, gurudumu moja likiwa hewani. Nilimdaka. Baadaye nilifahamu kwamba nchi ya Kanada ilipiga marufuku vigari vya namna hiyo mwaka 2004, kwa sababu ya watoto walioanguka navyo kwenye ngazi, na sikushangaa hata kidogo. Kigari kile nilikifungua magurudumu, nikakiweka stoo.

Chukudu hufanya kinyume chake, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Haimbebi mtoto wala haimtangulizi. Asipoisukuma, haiendi, asipojisimamisha kwa nguvu zake, ni ubao tu uliolala sakafuni. Kila hatua anayoipiga ni yake, na mimi ninayemtazama naiona hatua hiyo ikizaliwa, kuanzia kwenye wazo hadi kwenye mguu.

Wiki ya kwanza hakuisukuma kabisa. Aliionja. Aliuma mkono wa usukani, akaulamba, akaugonga kwa kijiko. Kisha akagundua gurudumu. Chombo kilikuwa kimelala ubavu, na yeye amekaa kitako mbele yake. Akaligusa gurudumu la juu kwa kidole kimoja, likazunguka, akaondoa mkono upesi kama aliyeguswa na moto. Likasimama. Akaligusa tena. Nilikuwa nachambua maharage karibu naye, nikaacha kuchambua, kwa maana sikuwahi kumwona mtoto huyu akitulia juu ya jambo moja kwa muda mrefu namna ile. Alilizungusha, akalisimamisha kwa kiganja, akalizungusha tena, na kila liliposimama alinitazama usoni kuhakikisha kwamba nami nimeona. Nilikuwa nimeona. Mpaka leo, nikiulizwa ni kitu gani katika chukudu hii kilichonipa furaha kuu, sitaji hatua zake za kwanza. Nataja asubuhi ile ya gurudumu, kwa sababu ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza mtu mdogo akiuliza swali bila maneno na kulijibu mwenyewe.

Alipofika miezi 10 alianza kujivuta juu yake na kusimama. Hapa nilikutana na upungufu wa kwanza wa chombo: ni chepesi mno mbele. Kwenye saruji laini kilimkimbia, akabaki amelala kifudifudi mikono ikiwa imenyooshwa. Fundi alipendekeza kuongeza mbao, lakini nilipata dawa rahisi zaidi. Nilishona kifuko cha kitenge, nikatia humo kilo mbili za maharage, nikakifunga kwa kamba juu ya ubao wa mzigo. Uzito huo ulitosha kukizuia kukimbia bila kukifanya kigumu kusukuma, na kadiri miguu yake ilivyopata nguvu nilipunguza maharage kidogo kidogo, hadi kifuko kikabaki kitupu. Ningependa fundi akiuze chombo kikiwa na kifuko hicho tangu mwanzo.

Kilichofuata ni mwezi wa kuta. Aliisukuma chukudu mpaka ukutani, ikagoma, akalia. Mara mbili au tatu za mwanzo niliinuka nikamgeuzia. Halafu mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kututembelea, akaniambia, "Mama, mwache kwanza, ukuta nao unamfundisha." Nikakaa, japo kukaa kulikuwa kugumu kuliko kuinuka. Alilia, akanyamaza, akaitazama chukudu, akashika meza, akazunguka akitembea kwa kuegemea mpaka upande wa pili, kisha akaivuta. Ikaja. Sura aliyonionyesha wakati ule siwezi kuieleza kwa uaminifu, naweza kusema tu kwamba machozi yalikuwa bado shavuni mwake na alikuwa anacheka.

Katika kipindi hicho majirani walianza kuhesabu miezi. Mtoto wa fulani alitembea akiwa na miezi 9, wa fulani na 10, na wangu mwenye miezi 12 bado alikuwa ameng'ang'ania usukani. Wasiwasi uliniingia, na nauandika hapa kwa sababu najua si mimi peke yangu. Kilichonituliza ni takwimu za Shirika la Afya Duniani, zilizotolewa mwaka 2006 baada ya kuwafuatilia watoto wenye afya katika nchi za Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani: kutembea peke yake bila kushikwa huanza wakati wowote kati ya miezi 8.2 na 17.6, na tofauti hiyo yote ni ya kawaida. Hata kutambaa kwa mikono na magoti, ambako tunakuchukulia kuwa ni lazima, asilimia 4.3 ya watoto hao hawakukupitia kabisa. Kwa hiyo nisingependa mama yeyote anunue chombo hiki kwa matumaini ya kumharakisha mwanawe. Sina ushahidi wowote kwamba kinaharakisha, wala sikukinunua kwa ajili hiyo. Binti yangu aliachia usukani akiwa na miezi 13 na siku kadhaa, jioni, umeme ukiwa umekatika, akapiga hatua tatu kuelekea kwenye mwanga wa taa niliyoishika.

Kuhusu ufundi wenyewe, nimeridhika, lakini si kwa kila jambo. Mbao ni ya mkaratusi, nzito na ngumu, na maungo yamefungwa kwa vigingi vya mbao badala ya misumari, jambo ambalo nililisisitiza. Fundi alikuwa tayari kuipaka rangi nyekundu na ya bluu, nikakataa, kwa sababu baadhi ya rangi zinazouzwa huwa na madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Kitu kitakachoingia kinywani kila siku ni afadhali kibaki na rangi ya mti. Akaipiga msasa mara mbili. Hata hivyo, chini ya mkono wa kulia, mahali ambapo jicho la mtu mzima halifiki lakini kidole cha mtoto kinafika, nilikuta kibanzi siku ya tatu. Atakayeagiza chombo hiki akipapase chote kwa kiganja kabla ya kulipa. Mpira wa magurudumu ulinuka kwa muda wa wiki moja na bado huacha michirizi myeusi kwenye saruji. Mwezi wa tatu, kigingi cha gurudumu la nyuma kililegea na kuanza kutoka, na hili nalihesabu kuwa kosa kubwa zaidi, kwa maana kigingi kilichotoka ni kitu kinachoweza kumkaba mtoto koo.

Niliirudisha karakana siku hiyo hiyo. Fundi hakubishana. Alivitoa vigingi vyote vinne, akachonga vipya virefu zaidi, akavitia gundi na kuvipasua ncha ili viingizwe kabari. Wakati wote huo binti yangu alikuwa ameshika gurudumu moja na hakutaka kuliachia, na yule mzee, badala ya kuniomba nimwondoe, alifanya kazi kwa kulizunguka gurudumu hilo, akaliacha kuwa la mwisho. Hakunitoza chochote. Tangu wakati huo hakuna kilicholegea.

Nililipa dola 15, na nilisubiri siku sita. Si bei ndogo kwa nyumba kama yetu, na katika maduka ya Birere fedha hizo zingeninunulia vitu vitatu au vinne vya plastiki vinavyowaka taa na kuimba. Tulikuwa nacho kimoja cha namna hiyo. Kilimfurahisha kwa siku nne, kisha betri ikaisha, na nilipokifungua nilikuta betri za duara ndogo kama kifungo cha shati, zimefunikwa kwa kifuniko kisicho na skrubu. Betri ya namna hiyo ikimezwa inaweza kuunguza umio wa mtoto ndani ya saa mbili. Sikununua nyingine. Kuna tofauti nyingine pia, ambayo haina uhusiano na hatari: kitu kinachoimba chenyewe humfanya mtoto kuwa mtazamaji, na mama naye hubaki akitazama kitu hicho badala ya kumtazama mtoto.

Ushauri wangu kwa atakayeagiza ni kwamba asubiri mpaka mtoto awe anajivuta mwenyewe na kusimama, apime urefu kutoka sakafuni hadi kifuani mwa mtoto na kumpelekea fundi kipimo hicho, na asimwache peke yake na chombo mahali penye ngazi au kizingiti. Mwenye sakafu ya udongo atahitaji magurudumu makubwa zaidi ya haya yetu, kwa sababu haya huzama.

Sasa anatembea bila msaada, na nilidhani chukudu imemaliza kazi yake. Wiki iliyopita alipakia juu yake kiatu cha baba yake, viazi viwili na kikombe, akavisukuma kutoka jikoni hadi kando ya kitanda chetu, akavishusha kimoja kimoja, akarudi kuchukua vingine. Dada yangu aliyeko Bukavu, ambaye mwanawe ana miezi 8, ameniomba nimwagizie ya kwake, na fundi amekwisha kuanza kuikata. Safari hii ataweka vigingi vyenye kabari tangu mwanzo, na kifuko cha maharage nitakishona mimi.