Zorki-4: Fokasi ikikataa, muongo ni nani?

Karibuni watazamaji. Hapa mezani tunayo Zorki-4, kamera ya filamu ya milimita 35 iliyotengenezwa Krasnogorsk, Umoja wa Kisovieti, kuanzia 1956 hadi 1973. Mbele ina Jupiter-8 ya milimita 50, f/2. Haina betri wala saketi yoyote, kwa hivyo ikianza kutoa picha zenye ukungu, kosa ni la chuma na kioo, na kosa la namna hiyo hufuatika.

Chungulia kwanza kwenye kidirisha cha nyuma. Ndani ya picha kubwa kuna doa, na ndani ya doa kuna kivuli cha pili. Ukizungusha pete ya lenzi, kivuli kinatembea pembeni. Kikilaliana na picha kubwa, fokasi imeshika. Sasa fungua lenzi, tazama sehemu ya juu ya tundu lake: huu mkono mdogo wa chuma ndio unaokitembeza kivuli. Lenzi ikiwa kwenye nane iliyolala, yaani mbali kabisa, kitako chake kinausukuma mkono ndani. Ukija karibu, lenzi inatoka nje na mkono unaifuata kwa springi.

Basi mashahidi ni wawili, lenzi na renjifaida, yaani mtambo wa kupima umbali wenye huo mkono na kivuli chake, na kila mmoja anaweza kudanganya peke yake. Watu wengi hukimbilia bisibisi, wakaifuatisha renjifaida kwa lenzi iliyoharibika. Hapo umepata kamera itakayodanganya na kila lenzi nyingine utakayoifunga.

Namna ya kumjua muongo ni hii. Zungusha vifungo viwili vya chini, mgongo wote unateremka. Chukua selotepu ile ya ukungu, isiyong'aa, uinyooshe juu ya reli mbili za ndani, pale filamu inapolala. Isiwe na mkunjo hata mmoja. Kokota shata kwanza, yaani lile pazia linaloruhusu mwanga, ndipo uweke kasi ya B, inayoliacha wazi muda wote kitufe kikibonyezwa. Mpangilio huo usiupindue: kwenye Zorki-4 kasi haibadilishwi kabla ya kukokota, utaharibu mtambo wa kasi. Funga waya wa shata wenye kufuli ili shata ibaki wazi, apacha, yaani tundu la mwanga la lenzi, iwe f/2, wazi kabisa, kamera iwe juu ya stendi. Pima mita 1 kwa tepu ya fundi, kuanzia pale filamu inapokaa, si kwenye uso wa lenzi, na hapo usimamishe ukurasa wa gazeti. Zungusha pete huku ukitazama selotepu kwa kioo cha kukuza mpaka herufi zikate, yaani zionekane kali bila ukungu. Usiiguse pete tena. Chungulia.

Herufi zimekata na pete inasoma mita 1, lakini kivuli na picha kubwa vimeachana? Renjifaida ndiyo muongo. Kivuli na picha kubwa vimelaliana, pete inasoma 1, na selotepu ilikuwa na ukungu ulipofika hapo? Ni lenzi. Mara nyingi iliwahi kufunguliwa, shimu, ile pete nyembamba ya kurekebishia nafasi, ikapotea au nyuzi zake za skrubu zikarudishwa kwenye mwanzo usio wake. Hiyo ni kazi ya fundi wa lenzi. Renjifaida iache ilivyo.

Na kivuli kisipotembea kabisa, toa lenzi, usukume ule mkono kwa kidole. Urudi mbio. Ukirudi kwa kujivuta, grisi imekauka: tone la petroli ya kiberiti kwenye ncha ya kijiti cha meno linatosha. Usidondoshee pazia la shata, ni kitambaa chenye mpira.

Tuseme ni renjifaida. Weka lenzi kwenye nane iliyolala, utafute kitu chenye ukingo wima kilicho zaidi ya kilomita 1. Mnara wa msikiti wa mtaa wa pili uko karibu mno. Nenda Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, uelekee baharini, ushike mlingoti wa meli iliyotia nanga nje. Kivuli kikiwa juu au chini ya mlingoti, anza na hilo: fungua pete inayozunguka dirisha dogo la duara mbele. Kioo cha ndani ni kabari. Ukikizungusha kidogo kivuli kinapanda au kushuka, ila kinaponyoka pembeni pia. Ndiyo maana pembeni huja baadaye. Toa skrubu ndogo ya mbele iliyo kati ya madirisha. Ndani yake kuna skrubu ya kurekebishia. Izungushe robo ya robo ya mzunguko tu, utazame, uizungushe tena.

Mbali pakikaa sawa na mita 1 isikae, kosa liko kwenye ncha ya mkono. Pembe yake ndiyo inayoamua kivuli kitembee kasi gani. Ncha kwa karibu, skrubu kwa mbali, unarudiarudia mara tatu nne mpaka pote pakubaliane. Inachosha, yakhe, lakini njia ya mkato hakuna.

Wenye Leica, kamera ya Kijerumani, wanaofunga Jupiter kwa sababu nyuzi zinaingia: mbali itakuwa sawa, karibu itawaponyoka. Kipimo cha Kisovieti hakilingani na cha Leica. Wala kamera si mbovu.

Doa likififia, hewa yetu ya chumvi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Pulizia tu. Kioo cha ndani kinachogawa mwanga usikisugue, utando wake unatoka na kitambaa. Kwa leo bandika kipande cha karatasi ya peremende ya buluu mbele ya dirisha kubwa. Picha kubwa itageuka buluu, kivuli kitabaki na rangi yake, na utakiona mara moja.

Ukienda kununua, usikubali kuonyeshwa picha za mchana wa Nyali. Jua lile linakulazimisha apacha ndogo. Kwa f/8 na mita 1, una kina, yaani eneo la mbele na nyuma linaloonekana kali, cha takriban sentimita 18 cha kuficha kosa. Kwa f/2 kinabaki kama sentimita 4 na nusu. Omba picha ya f/2 kwa mita 1. Muuzaji akikosa, toa lenzi, sukuma mkono, irudishe lenzi, chungulia mlingoti. Kivuli kilichopotoka pembeni ni cha kupunguziwa bei. Lenzi yenye nyuzinyuzi za kuvu ndani, mrudishie.