Shanty Town, Moshi: kwa anayetafuta nyumba ya kupanga sehemu yenye miti

Kama unatafuta nyumba Moshi na mfuko unaruhusu, anzia Shanty Town, na sababu yangu kubwa ni miti. Wengi wakisikia Kilimanjaro wanajua huku ni baridi tu mwaka mzima, wakati mji wenyewe uko chini, mita 800 na kitu hivi, na kuanzia Januari mpaka Machi jua la mjini kati sio la mchezo. Sasa panda upande wa hospitali ya KCMC, ukishaingia tu barabara ya Lema unasikia hewa nyingine kabisa. Oktoba na Novemba jakaranda zikichanua chini kote zambarau, Disemba mikrismasi nayo inawaka nyekundu, na asubuhi mlima ukiwa umefunguka unakiona kilele cha Kibo kati ya matawi huku watu wanapita na mazoezi yao na manesi wanatoka zamu ya usiku. Napapenda sana hapa, sifichi.

Usafiri sio shida, daladala za KCMC zipo na boda zipo. Kodi iko juu ukilinganisha na Pasua au Majengo, hilo ulijue mapema.

Ila kinachoniuma ni kwamba kijani chote hiki kiko ndani ya mageti. Mtoto wa mpangaji wa chumba kimoja na sebule anacheza wapi? Barabarani, pembeni ya magari, wakati hatua 5 tu toka hapo kuna nyasi zimekatwa vizuri hazikanyagwi na mtu. Kipatikane hata kiwanja kimoja cha wazi, nyasi, mabenchi manne na bomba la maji, watoto watafaidi sana.

Alafu hizi kuta jamani. Njia ninayopita kila siku kulikuwa na ua wa michongoma mrefu umejaa ndege, pembeni mimea ya masale imepandwa mstari kama mipaka ya kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga), wakang'oa vyote wakapandisha ukuta wa tofali na waya juu, sahivi ukipita pale mchana ukuta unakurudishia joto usoni na ndege husikii hata mmoja. Usalama naelewa, lakini michongoma ina miiba kama vidole, nani anapenya pale? Wenye nyumba tunaomba muiache.

Ukienda kuangalia nyumba usiende kipindi cha jua tu. Juni na Julai mawingu yanakaa siku nzima na nyumba iliyofunikwa sana na miti inavuta unyevu, nguo hazikauki, kabati linanuka ukungu, kwahiyo fungua makabati unuse na uulize chumba kipi kinapata jua la asubuhi. Na masika neti ni lazima, mbu wanapenda hivi vichaka kama sisi.