Sijakopa Hata Senti Tano, Ila Mashine Yao Inanidai

Huu ni uzoefu wangu wa programu ya mikopo ya simu, huduma ambayo sijawahi kuiomba. Sijapakua programu yao, sijajaza fomu yao, sijapokea hela yao. Lakini huduma yao kwa wateja naijua kuliko wateja wenyewe, maana wananipigia asubuhi, mchana, jioni, na kuna siku wamenipigia watu tumeshalala.

Mimi ni mpishi wa shughuli, nipo Tabata. Harusi, sendofu, ubarikio, arobaini, chakula cha maofisini. Naeleza kazi yangu kwa sababu najua kuna mtu atasema, "si usipokee namba usizozijua?" Namba nisizozijua ndizo zinazolipa ada za wanangu. Mtu kala pilau yangu kwenye shughuli ya jirani yake, kaomba namba yangu, kakaa nayo miezi, siku anaoza binti yake ndiyo anapiga. Nisipopokea anamtafuta mpishi mwingine, na Dar wapishi hawajaisha. Kwa hiyo mimi napokea, hata kama mkono mmoja una mwiko na mwingine una kitunguu.

Ndivyo nilivyokutana na dada wa mashine.

"Habari ndugu mteja." Sauti tamu, ya redioni kabisa. Kimya kidogo. Halafu inaingia sauti nyingine, ya kiume, inataja jina la mdaiwa, jina tu, kisha inatoka. Dada anarudi: mkopo wako umepitiliza muda wa malipo. Kiasi kinasomwa kipande kipande, elfu inakuja peke yake, mia inakuja peke yake, kila moja na pumzi yake. Bonyeza moja kama utalipa leo. Bonyeza mbili kama utalipa kesho. Bonyeza tatu kusikiliza tena.

Basi. Hakuna cha kubonyeza kwa mtu ambaye deni si lake. Nimebonyeza nne, "chaguo si sahihi". Nimebonyeza sifuri, chaguo si sahihi. Nyota, reli, tisa, vyote nimepitia. Nimepiga kelele "mimi siye, umekosea namba!" mpaka wasaidizi wangu jikoni wakaangua kicheko, na yule dada anaendelea tu na ya kwake. Mtu aliyetengeneza kitu kile alikaa chini akafikiria majibu yote ambayo binadamu anaweza kuyatoa, akaona yapo mawili: leo au kesho. Kwamba kuna mtu anaweza akapigiwa na hadaiwi, hilo halikumpitia kichwani. Au lilimpitia, akaona halina faida kwao.

Mdaiwa mwenyewe namjua. Ni binti aliyekuwa ananisaidia kuosha vyombo, kazi alishaacha zamani. Sijamdhamini. Sijasaini popote. Namba yangu ipo kwenye simu yake, na hilo kwao limetosha. Mtu mwenye shida anafungua programu, inamuuliza kama anaruhusu isome majina yote yaliyomo kwenye simu, akikataa mkopo hautoki, akikubali orodha nzima inapanda kwao: shangazi, fundi bomba, mchungaji, bosi wa zamani, mpishi. Google tangu katikati ya 2023 ilishazikataza programu za mikopo zilizoko kwenye duka lake kusoma majina na picha za watu. Sasa wajanja wanakutumia linki ya WhatsApp ili upakue nje ya duka, na huyu binti alipakua kwa linki.

Nilimfuata nimefura. Akaniambia mtoto alilazwa usiku, kikoba chao kilikuwa kimeshavunjwa na watu wamegawana, ndugu hawapokei simu. Akaomba laki moja kwenye programu, hela ikaingia akiwa bado kwenye foleni ya dirisha la dawa. Niseme ukweli hata kama unaniuma: hapo waliokoa. Hakuna mtu mwingine aliyejibu usiku ule. Kwa hilo nilitaka niwape nyota tatu, na nilishaanza kujiambia labda hawa watu si wabaya kiasi hicho.

Nikamuuliza iliingia ngapi. Elfu sabini na ushee. Nyingine? Wamekata "gharama". Na kurudisha? Ndani ya wiki moja, laki na ishirini. Nyota zao nikazirudisha zote. Mikopo ya riba kama hii mtaani tunaiita kausha damu na tunadhani ni ya yule mama anayepita na daftari Jumamosi. Ya kwenye simu inakausha na za jirani.

Lakini hata hiyo riba sikuja kuilalamikia, ni ya binti na wao. Nimekuja kulalamika kuhusu kijana.

Ilikuwa siku ya shughuli, Jumamosi moja hivi, nina sufuria kubwa motoni. Simu ikaita, nikajua ni dada wa mashine, kumbe safari hii ni mtu. Nikafurahi jamani! Nikasema afadhali, binadamu ataelewa.

"Mama, wewe ndiye mdhamini wa fulani."

"Mwanangu, mimi si mdhamini wa mtu. Nani kakupa namba yangu?"

"Mfumo unaonyesha mdhamini."

"Huo mfumo ulinisainia?"

Akacheka. "Sasa mama, kama hamhusiani, namba yako imefikaje kwenye simu yake? Mchangieni alipe, si mnakulaga naye?"

Nikamwambia taratibu, baba, mimi umri wangu ni wa mama yako mzazi, ongea na mimi vizuri. Akanijibu, "Mama yangu hakai na matapeli." Akakata.

Nimepika miaka mingi kwenye kumbi za watu. Nimetukanwa na walevi, nimeitwa mwizi wa nyama na mashangazi wa bwana harusi mbele ya kamati nzima. Sijawahi kukosa cha kujibu. Ile siku nilisimama na simu sikioni na hakuna mtu upande wa pili, mpaka harufu ikaniamsha. Wali ulishika chini, mwenye shughuli alinikata hela, na hiyo hela mimi naihesabu kuwa naidai kampuni.

Jioni yake meseji ikatua kwa watu wa mtaani na kwa baadhi ya waumini wenzake: picha ya binti ameshika kitambulisho chake cha NIDA kifuani, ile aliyopiga wakati anajisajili, na maandishi mekundu kwamba ni tapeli anatafutwa. Picha aliyowapa wao ili wamwamini.

Nashukuru kazi yangu inanikutanisha na watu. Kuna wakili nilimpikia sendofu ya mdogo wake, nikampigia. Nilidhani ataniambia nibadilishe laini. Akaniuliza swali moja: namba yako ni taarifa ya nani? Yangu. Basi yule binti anaweza kuruhusu taarifa zake, hawezi kukuruhusia za kwako. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023. Inakupa haki ya kumwambia aliyeshika taarifa zako aache kuzitumia kama matumizi yanakuumiza, na kudai fidia ukidhurika. Na ina Tume yake, ile aliyoizindua Rais Samia Aprili 2024, kazi yake mojawapo ni kupokea malalamiko ya watu kama mimi. Meseji ya picha ya binti nayo ina mahali pake: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumnyanyasa, faini haipungui shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3.

Miaka 3! Nilimuwaza yule kijana na kicheko chake, nikaona mingi. Nikakumbuka "mama yangu hakai na matapeli", nikaona inamfaa.

Akanielekeza pia kwa Benki Kuu. Anayekopesha kwa simu anatakiwa awe na leseni ya BoT, ya huduma ndogo za fedha daraja la pili. Novemba 2024 BoT ilitoa majina ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali, ikasema hayafuati mwongozo wake kwenye uwazi, kwenye riba na tozo, kwenye namna ya kudai madeni na kwenye kulinda faragha za watu. Nikaipitia hiyo orodha na miwani yangu. Programu ya binti haimo, ila limo jina linalokaribia kufanana nalo. Hawa watu wakifungiwa leo, kesho wamebadilisha herufi moja na rangi ya nembo, na dada wa mashine ni yule yule.

Kitu kinachonichoma zaidi ya yote ni laini. Sisi tulipanga foleni juani kusajili laini kwa alama za vidole, wengine NIDA zilichelewa tukazimiwa simu. Kila siku tunakumbushwa tupige *106# tuhakiki laini zilizosajiliwa kwa majina yetu. Sasa hizo namba zao zinazobadilika kila siku, nikizuia hii inakuja ile, zimesajiliwa kwa vidole vya nani? Mashine ina vidole? Kuna namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, 15040, ya kupeleka meseji za utapeli. Nimezipeleka. Ila hiyo ni ya meseji, na mimi shida yangu kubwa ni sauti.

Shemeji yangu anaendesha malori huko Texas, Marekani, nilipomsimulia akacheka akasema hama. Huko kwao wana sheria ya tangu 1991: mashine ikikupigia kwenye simu ya mkononi bila ridhaa yako unaweza kushtaki ukalipwa dola 500 kwa kila simu, na mahakama inaweza kufikisha 1,500 ikiona walifanya makusudi. Na wakusanya madeni, tangu mwishoni mwa 2021, wakizidisha simu 7 ndani ya siku 7 kwa deni moja wanahesabiwa wamevunja sheria mpaka wathibitishe vinginevyo. Nikapiga hesabu ya simu zangu kwa bei hiyo. Ningeshafunga jiko. Sheria yetu haijaiwekea simu moja bei, lazima ulalamike, usubiri, uthibitishe umeumia. Ila si kwamba haiwezekani. Majirani Kenya mwaka 2023 kamishna wao wa taarifa binafsi aliipiga kampuni moja yenye programu mbili za mikopo faini ya shilingi 2,975,000 za kwao, kwa kuchukua majina ya watu kwenye simu za wakopaji na kuwatumia vitisho. Kesi yangu kabisa.

Wakili akaniandikia barua, nikaituma kwenye anwani yao ya barua pepe. Nikaanza na kurekodi kila simu. Na hapa inabidi niwe mkweli, kwa sababu baada ya siku chache alinipigia dada mmoja, mtu kweli, akaanza na "shikamoo mama". Akaomba radhi. Akasema namba yangu imeondolewa, na yule kijana "ameongeleshwa". Aliongea kwa adabu mpaka nikamuuliza kama ameshakula. Simu zikakatika. Wiki ikapita nzima, kimya, napokea namba ngeni na kweli ni watu wanataka pilau. Nilikuwa nimeshaandika nusu ya haya, nikataka kuyafuta. Nikasema kumbe ukidai haki yako kwa maandishi wanakusikia, niwape nyota mbili, tatu.

Juzi asubuhi namba ngeni, napokea kwa bashasha, "Karibu!" Habari ndugu mteja. Kimya. Sauti ya kiume ikaingia na jina. Si la binti. Ni la bwana harusi mmoja niliyempikia mwaka jana.

Yaani waliifuta namba yangu kwenye deni moja, wakaniokota kwenye simu ya mwingine. Na nimewapikia watu wangapi mji huu ambao wamehifadhi namba yangu? Nitakuwa mdhamini wa Dar nzima.

Nyota hakuna. Hata ya usiku ule wa hospitali nimeichukua, nampa muuguzi. Malalamiko nimepeleka Tume, pamoja na rekodi, na nakala nimepeleka BoT. Jina la programu siliandiki hapa maana wakili kanikataza kwa sasa, na mkisoma wiki ijayo litakuwa limeshabadilika. Kabla hamjabonyeza "ruhusu", tafuteni jina lao kwenye orodha ya wenye leseni iliyoko tovuti ya BoT, kisha mniulize kwanza kama na mimi nimeruhusu.

Na bwana harusi, kama unasoma, umekopa huko wakati salio la sufuria mbili za pilau na lile kreti la soda hujanimalizia. Anza na mimi. Mimi nimekupigia mara moja tu, na nilikusalimia.