Miwani ya VR wakati wa kubadilisha bandeji: nyota 4

Jamani nilienda sina imani kabisa. Binti yangu wa miaka 7 alimwagikiwa chai ya moto mkononi, na kila tukienda kuoshwa kidonda alikuwa anaanza kulia tangu tuko pakingi. Safari ya tatu nesi akamvalisha miwani ya VR, ile inayofunika macho unajiona uko ndani ya gemu, na lake lilikuwa gemu la kurusha matonge ya theluji, maana wazo lenyewe limeanzia hapa hapa Seattle, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walitengeneza gemu la SnowWorld kwa ajili ya walioungua, yaani theluji ili akili isahau moto. Nikasema mh, haya.

Nesi anabandua bandeji iliyogandia, mimi nimefumba macho, mtoto anapiga kelele "mama nimempata pengwini!" Alilia kidogo pale mwisho kwenye maji, ila sio kile kilio cha kuning'ang'ania blauzi mpaka vifungo vinakatika. Dawa ya maumivu alipewa kabla kama kawaida, msidhani miwani inachukua nafasi yake, ni kwamba akili ikiwa bize na gemu inabaki kidogo tu ya kusikilizia kidonda.

Ubaya wake mizito, na mkanda ni wa kichwa cha mtu mzima, nilisimama muda wote nimeushikilia kwa nyuma kama fundi nywele. Halafu safari ya nne chaji ikakata katikati ya kazi, hapo ndo kilio kikarudi chote na riba juu. Hiyo nyota ya tano mtaipata mkikumbuka kuchaji.