Uzoefu wangu: miezi saba na meza ya Kiitaliano ya soka la mezani, baada ya kukulia kwenye meza ya Majengo

Nimecheza soka la mezani tangu darasa la tano, hapa Moshi, Majengo, kwenye meza inayokaa nje ya banda la kinyozi. Kwa hiyo niliponunua meza yangu mwenyewe mwezi wa pili mwaka huu, niliamini mkono umeshakomaa. Wiki ya kwanza tu mdogo wangu, ambaye hakuwa amewahi kunishinda, alinifunga mechi nne mfululizo. Naandika kwa anayefikiria kununua meza ya aina hii, na hasa kwa mchezaji wa mtaani atakayeikuta mahali akadhani amesahau kucheza. Hujasahau. Ni meza imebadilika.

Meza yenyewe ni ya mtumba, ya mtindo wa Kiitaliano. Niliipata Arusha, maeneo ya Sakina, kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa inafunga biashara, kwa laki saba na nusu. Kirikuu kuileta Moshi kikala elfu tisini nyingine. Uwanja wake ni kioo kilichokwaruzwa kwa mchanga, kona zote nne zimeinuliwa kidogo ili kipira kisilale pale, na golini kuna kipa mmoja tu. Vyuma vyake, vile vinavyobeba wachezaji, vinaingiana ndani kwa ndani, havitokezi upande wa pili. Mwenye watoto wadogo nyumbani aliangalie hilo kabla ya kuangalia bei, maana vyuma vinavyotokeza huwa kwenye usawa wa uso wa mtoto wa miaka minne.

Sasa nieleze tulivyozoea Majengo, la sivyo tatizo langu halitaeleweka. Meza ile aliichonga fundi kwa mbao za mgrivea. Vyuma ni bomba za maji, wachezaji ni wa mbao wenye miguu mipana, kingo zimepigiliwa mpira wa tairi. Rangi ya uwanja ilishabanduka zamani, na kipira kimekwaruzika hadi kimekuwa kama jiwe la kusugulia miguu. Juu ya hapo, meza imeinamia kidogo upande wa banda, na kila mtoto wa mtaa anajua kwamba shuti la kutoka katikati lazima ulielekeze upande wa barabarani, lijirudi lenyewe. Kwenye meza kama hiyo, silaha ni moja: kubana. Unaweka mguu wa mshambuliaji wa kati juu ya kipira, unakikandamiza, unakiburuza kushoto, kulia, kushoto tena, kipa anahangaika, halafu unaachia. Kwa kuwa uwanja una mikwaruzo na kipira kina mikwaruzo, kinatii.

Nilipobana vilevile kwenye kioo, kipira kilichomoka kama kokwa la embe lililolowa. Nikakandamiza zaidi. Kikachomoka kwa kasi zaidi, mara mbili kikaingia golini kwangu. Nilitumia karibu wiki tatu nikidhani dawa ni nguvu, nikaishia kuumwa kiwiko.

Aliyenifungua macho ni mjomba, kule Njiro. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilipofungwa Arusha mwishoni mwa 2015, familia nyingi zilizokuwa zikihama ziliuza vyombo vyao, na mjomba akanunua kwa familia moja meza ya Bonzini, ya Kifaransa. Nilikwenda kumsalimia Pasaka, nikashika vyuma bila kutarajia chochote. Wachezaji wake ni wa alumini, wazito, na kipira ni cha koki, chepesi, kikigonga ubao hakipigi kelele. Nikabana. Kikatulia chini ya mguu kama kifaranga chini ya mama yake. Mkono wangu wa Majengo ulifanya kazi yote pale, pengine vizuri kuliko Majengo kwenyewe. Mjomba alikuwa amesimama na kikombe cha chai, akasema, "Baba, mkono wako mzima. Huko kwako unabana kitu kisichobanika."

Tangu siku hiyo, nikifika kwenye meza yoyote ngeni sianzi mechi kabla sijafanya jambo moja. Naweka kipira chini ya mguu wa mshambuliaji wa kati, nalegeza vidole vyote isipokuwa viwili, nakiburuza polepole upana wa goli. Kikifuata mguu mpaka mwisho, hiyo ni meza ya kubana. Kikibaki nyuma au kikatangulia, nabadilisha mchezo hapohapo. Halafu nakiacha katikati ya uwanja nione kinaelea upande gani. Havichukui hata dakika mbili, na wapinzani hudhani napasha mikono moto.

Kwenye kioo changu nimehamia shuti la kuvuta. Kipira unakiacha huru, kimesimama pembeni ya mguu, hakikandamizwi na chochote. Unavuta chuma kuelekea kwako na kiwiko, kipira kinasogea pamoja na mguu, na ukifika kwenye mwanya kifundo cha mkono kinapiga. Siri yake ni kwamba kuvuta na kupiga ni tendo moja. Ukisimama katikati hata kidogo, kioo kinakupokonya kipira. Mwezi mzima nilifanya mazoezi usiku peke yangu, mashuti hamsini kabla ya kulala, kipa nimemfunga kwa raba asizunguke. Kubana sijakuacha kabisa, ila nimejifunza kugusa sehemu ya nyuma ya kipira badala ya utosi wake, kwa uzito wa kidole. Nikipata mara tatu kati ya tano naridhika.

Pasi nazo zilibadilika. Majengo unapiga tu mbele kwa nguvu, ule mpira wa tairi unakurudishia. Kwenye hii, kingo ni ngumu na kipira hakipoi, kwa hiyo kutoka kwa wale watano wa kati natoa pasi ya kugusa ukuta, laini, na wale watatu wa mbele nawalaza kidogo ili miguu yao ipokee kwa kupoza. Kwa kanuni za kimataifa wale watano wanaruhusiwa kukaa na kipira sekunde 10 tu, vyuma vingine sekunde 15, na tulipoanza kuhesabu hivyo nyumbani mchezo ulipendeza mno. Kuzungusha chuma kama feni pia tumekufuta, kama kanuni zinavyosema. Vijana wa mtaani walinuna siku mbili, sasa ndio wanaokemea wageni.

Kuna jambo moja ambalo Majengo ilinifundisha na limenifaa. Wachezaji wa meza yangu, ukiachia chuma, wananing'inia miguu chini. Ukicheza peke yako na mkono uko nyuma kwa mabeki, washambuliaji wako mwenyewe wanakuzibia shuti. Sisi tumezoea kuwapiga wale wa mbele kwa kiganja wakalala kabla ya kurudisha mkono nyuma. Kwenye Tornado, meza ya Kimarekani niliyoicheza mara mbili Arusha, hakuna haja hiyo: wachezaji wake wamepimwa uzito kichwa na miguu, ukiwalaza wanabaki wamelala. Ile ina makipa watatu kwenye chuma kimoja, kwa sababu kona zake hazijainuliwa, na wale wawili wa pembeni ndio wanaofuata kipira huko. Miguu yake ina kingo kali zinazokamata. Mtu wa kubana atafurahi sana, ila ajue kwamba kwenye ulinzi atakuwa na watu wawili zaidi wa kuwafikiria.

Matunzo. Vumbi la Moshi, miezi ya kiangazi, linageuza kioo kuwa uwanja mwingine kila baada ya saa mbili, kwa hiyo kitambaa chenye unyevu kiwe karibu. Vyuma vinataka silikoni, matone mawili kila wiki. Mdogo wangu aliwahi kuweka mafuta ya kula, vumbi likashikamana nayo likawa ugali mweusi ndani ya bushi, yale matundu chuma kinamopita, nikafungua vyuma vyote nane kwa spana. Na sakafu ipimwe kwa pima maji. Meza yangu ilihitaji kipande cha boksi kilichokunjwa mara tatu chini ya mguu mmoja, na kabla ya hapo nilikuwa nikiilaumu mikono yangu kwa shuti linalopinda.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, kwa bei ileile, maana imenipa pasi na shuti ambalo sikuwa nalo. Ila kama lengo lako ni kujifunza kubana, au kumfundisha mtoto anayeanza, tafuta uwanja wenye kukamata kwanza, hata kama ni wa fundi wa mtaani.

Wiki iliyopita nilimpelekea kinyozi wa Majengo bushi nne za plastiki zilizobaki kwenye yangu, kwa sababu bomba zake zimekula mbao mpaka zinacheza. Amezipokea, tutazifunga Jumamosi. Niliposema tukiwa hapo tunyooshe na ule mwinamo, alizima mashine katikati ya kichwa cha mteja akanigeukia: "Bushi weka, mwanangu. Mwinamo niachie."