Kuzunguka Kisiwa cha Manda kwa Mashua ya Kukodi: Uliza Maji Kabla ya Bei

Pale gatini Lamu safari hii huuzwa kwa majina mengi, lakini bidhaa ni moja: mashua ya tanga yenye mashine ndogo nyuma, nahodha, baharia mmoja au wawili, chakula cha mchana, na siku nzima ya kukizunguka kisiwa cha Manda. Mnapita mlango wa Mkanda, mnatokea kisiwa kidogo cha Manda Toto, mnashuka kwa upande wa bahari kuu, kisha jioni mnaingia mahame ya Takwa. Niliikodi mashua peke yetu, watu watano, kwa shilingi 14,000, chakula na mafuta ndani. Nimeridhika nayo, na niko tayari kusema ni wapi wanastahili sifa na ni wapi wanahitaji kujirekebisha.

Sifa ya kwanza ni swali. Kabla ya kutaja bei nahodha aliuliza siku, akahesabu vidoleni, akasema: "Hiyo ni tarehe kumi na sita ya mwezi wa Kiislamu, bamvua. Tutatoka alfajiri. Ikiwa mwalala sana, ngojeni siku nyingine." Madalali wawili niliokuwa nimezungumza nao kabla yake walianza na bei na wakamalizia na bei. Hakuna aliyegusia maji, na safari hii yote ni maji.

Hesabu yenyewe si ngumu. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku moja mbili zinazofuata, maji ya Lamu hujaa alfajiri na tena kwenye saa kumi jioni, na hupwa karibu saa nne unusu asubuhi. Kati ya kujaa na kupwa kuna kama mita tatu. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi, kwa hiyo baada ya wiki, kwenye tarehe saba nane au ishirini na mbili tatu za mwezi wa Kiislamu, mambo yamegeuka: ni maji mafu, yanajaa kabla ya adhuhuri na hayajai sana. Sasa linganisha na mahali mnapokwenda. Manda Toto mnataka maji yaliyopwa na kutulia, ndipo matumbawe yanapoonekana vizuri. Takwa mnataka maji yaliyojaa, kwa sababu njia ya kuingia ni mkono mwembamba wa bahari katikati ya mikoko. Bamvua inakupa vyote viwili kwa siku moja, kimoja asubuhi na kingine jioni. Maji mafu yanakulazimisha uchague.

Ukiingia Takwa maji yakiwa yanatoka, mashua itapwelewa. Italala ubavu kwenye tope na nyinyi mtangoja maji yarudi, au mtembee kwenye tope la magotini huku viatu vikibaki chini. Anayekuambia "tutafika tu, hakuna shida" bila kutaja saa, mshukuru na uende zako.

Tulitoka saa kumi na mbili unusu. Msimu wa kaskazi upepo unatoka huko huko mnakoelekea, kwa hiyo usitarajie tanga asubuhi: ni mashine mpaka Manda Toto, muda wa saa moja unusu hadi mbili. Hili waliopiga picha za matangazo hawalisemi. Mashine ya nguvu za farasi 15 ikikazwa hula lita tano au sita kwa saa, na ndiyo maana "mafuta ni yenu" ni sharti la kukataa. Kubalianeni bei moja yenye mafuta ndani, la sivyo nahodha hana sababu ya kuzima mashine hata upepo ukija vizuri.

Mkanda ni mlango mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko kushoto na kulia. Maji yakitoka unakuwa mfupi wa kina, na baharia alikaa omo, yaani mbele ya mashua, na upondo mkononi akipima, akimwonyesha nahodha kwa kiganja tu bila kupiga kelele. Hapa kiongozi wa wageni tuliyekuwa naye mashuani alikuwa katika ubora wake. Alitaja mkoko, mkandaa, mchu na muia kwa kuonyesha mizizi ya kila mmoja, akaeleza jinsi miti inayouzwa inavyopangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, na akafafanua kwa nini vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba: dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kupinda. Maelezo hayo peke yake yalitosha kwa asubuhi nzima.

Mkitoka Mkanda, kushoto zinaonekana winchi za bandari mpya ya Lamu kule Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Kulia ni mahame ya mji wa Manda wenyewe, mji wa tangu karne ya 9, mkongwe kuliko Takwa kwa miaka mia kadhaa, wenye ukuta wa pwani uliojengwa kwa mawe makubwa ya matumbawe. Safari hii unaupita tu. Kwa ratiba ya bamvua ni sawa, kwani mkishuka pale maji yakitoka hamtaondoka mapema, lakini anayependa historia aombe siku ya peke yake.

Manda Toto tulifika saa mbili unusu. Nililotaka kuona ni nanga. Mashua nyingi hutupa nanga popote, ikaangukia tumbawe, ikavunja kilichoota kwa miaka, kisha ikakwama na wakati wa kuondoka baharia akalazimika kuzama na kisu. Hawa walizunguka mpaka wakapata doa la mchanga, nanga ikashushwa kwa mkono badala ya kurushwa, na baharia akaifuata chini kuhakikisha imeshika. Kazi ya dakika tatu. Kwangu mimi hapo ndipo pesa yao ilipohalalika.

Wakati mzuri wa kuingia majini ni saa moja kabla ya maji kupwa kabisa mpaka nusu saa baada yake, mkondo ukiwa umelegea. Maji yakianza kujaa kwa kasi huleta mchanga na hukusukuma. Vifaa ndivyo vilivyokuwa dhaifu: miwani sita, miwili kati yake mpira wa usoni umekakamaa na kupasuka pembeni, na mapezi ni ya miguu mikubwa tu. Jaribu miwani ukiwa bado mjini: ibandike usoni bila kupitisha ugwe kichwani, vuta pumzi kwa pua, iachie. Ikianguka, itaingiza maji. Mwenye masharubu mazito apake mafuta kidogo juu ya mdomo. Na viatu vya mpira ni lazima, maana kwenye miamba kuna viumbe weusi wa miiba mirefu, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyama.

Chakula kilipikwa ufukweni. Walileta jiko la makaa ndani ya sanduku la mchanga, wali wa nazi ukiwa umeshapikwa nyumbani na kufungwa kwa leso usipoe, na changu wabichi walionunuliwa asubuhi. Samaki alipasuliwa mgongoni, akachanjwa chanjo za kina cha ukucha kila upande, akapakwa chumvi, ndimu, kitunguu thomu na pilipili, na ukwaju ukapakwa mwisho, nyama ikikaribia kuiva, kwa sababu ukiutia mapema huungua na kuwa mchungu. Kachumbari, embe, maji ya ukwaju. Kilo tatu za samaki kwa watu watano na mabaharia zilitosha na kusaza. Hapa sina lawama, ila maji ya kunywa: dumu moja la lita 20 kwa kunywa, kupikia na kutawadhia ni kidogo kwa jua lile. Bebeni lita mbili zenu kila mtu.

Kutoka hapo tanga likapandishwa, na sehemu hii ndiyo safari. Upepo ukiwa nyuma, mashine imezimwa, mashua inashuka upande wa bahari kuu mpaka Ras Kitau kwa muda wa saa moja unusu hivi. Kuna mambo mawili ya kujua. Tanga la mashua zetu linaning'inia kwenye foromali, ule mti mrefu wa mshazari, na likigeuzwa foromali hupitishwa mbele ya mlingoti. Wote walioketi omo hurudi nyuma na vichwa vinainamishwa. Nahodha mzuri hutangaza kabla, na huyu alitangaza kila mara. La pili, turubai la kivuli haliwezi kukaa tanga likiwa juu. Kwa hiyo kuanzia saa saba mpaka saa tisa mko juani bila kinga. Leso mbili na kofia yenye kamba ni muhimu kuliko kamera.

Mlango wa bahari kati ya Shela, upande wa kisiwa cha Lamu, na Ras Kitau una tabia yake: maji yakitoka yakakutana na mawimbi ya nje, bahari husimama wima pale na mashua ndogo hurukaruka. Tuliingia maji yakijaa, na hatukulowa hata magoti. Ni hesabu ile ile ya asubuhi.

Takwa tulifika saa tisa na robo. Mji uliishi watu karne ya 15 hadi ya 17, na umekuwa kumbukumbu ya taifa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya tangu 1982. Msikiti wake wa Ijumaa una nguzo juu ya ukuta wa kibla, jambo ambalo wengi hawajaliona kwingine, na nje ya ukuta kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya tarehe inayoangukia takriban mwaka 1682. Watu wa Shela, ambao wengi asili yao inasimuliwa kuwa hapo, bado huenda kulizuru na kuomba mvua. Kiongozi wetu aliyewika Mkandani huku alikuwa mbio. Alituonyesha kaburi na msikiti, akasema mji ulihamwa kwa sababu maji ya visima yaliingia chumvi, basi. Hakugusia kwamba milango ya nyumba inaelekea kaskazini, na kaskazini kwetu ndiko kibla. Hakuwaonyesha watoto mibuyu mikubwa iliyoota ndani ya mji. Nadhani alikuwa akiangalia saa, na hilo ni haki yake, maana maji yakishajaa saa kumi mna kama saa moja ya kuondoka kwa utulivu. Lakini dakika 45 zinatosha kwa maelezo kamili zikitumika vizuri. Ada ya kuingia haikuwemo kwenye 14,000. Ulizeni mapema nani analipa, kwani viwango vya raia, mkaazi na mgeni ni tofauti.

Mengine kwa ufupi. Choo hakuna, si Manda Toto wala kwenye mashua. Jaketi okozi zilikuwepo kwa kila mtu mzima, lakini ya watoto ilikuwa moja, kubwa, inampanda mtoto mpaka masikioni, na jaketi ya namna hiyo humtoka mtoto majini. Mwenye watoto akague kila moja kabla ya kulipa amana: kamba zifungwe, kisha inyanyuliwe kwa mabega, ikipita kidevu haifai. Maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya mashua, yalichanganyika na petroli kidogo, na mwenye kichefuchefu asikae karibu na tezi, yaani nyuma ya mashua. Amana niliyolipa ilikuwa theluthi moja kwa M-Pesa, iliyobaki tuliporudi gatini, kabla ya maghrib kama walivyoahidi.

Yote haya ni ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, na siku za matlai kabla yake. Kusi likishika, kuanzia Aprili mpaka kama Septemba, upande wa bahari kuu hauendeki kwa mashua hizi na maji ya Manda Toto ni machafu. Wako watakaokuuzia kwa punguzo. Miezi hiyo mwambie nahodha akupeleke nyuma ya kisiwa cha Lamu, Matondoni kwa mafundi wa majahazi na Kipungani kwa wasukaji wa mikeka, ambako kisiwa chenyewe kinakukinga na upepo. Bei ilikuwa chini kwa elfu nne nilipouliza, mafuta yakiwemo. Huko nako hukosi kuuliza maji yanajaa saa ngapi.